Skrini ya Tatu Ilikuwa Runinga ya Mama Mkwe

Khairat alizaliwa Kondoa akiwa na masikio ambayo hakuna aliyemwomba awe nayo. Sauti ikipinda kidogo tu, yeye husikia. Akiwa msichana alitolewa kwenye kikundi cha kaswida cha madrasa, si kwa sababu aliimba vibaya, bali kwa sababu aliwaambia wenzake kwamba wao ndio wanaoimba vibaya, na akamtaja ustadhi katika orodha hiyo. Ustadhi alikubali kwamba binti ana kipaji. Aliomba tu kipaji hicho kikae nyumbani kwao.

Alipoolewa na Nurdini, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, alihamia Dodoma mjini, Chang'ombe, kwenye nyumba ya mama mkwe wake, Bi Mwanaharusi. Baada ya miaka michache akakifanya chumba cha wageni kuwa studio. Alipigilia magodoro ukutani, akaweka kompyuta, spika mbili na maiki. Wageni wakakoma kulala pale, na Nurdini, ambaye ndugu zake walikuwa wengi na wenye njaa, akasema studio imeshaanza kuleta faida.

Alirekodi kila kilichopita mlangoni: kaswida, matangazo ya maduka, hata wagombea walioahidi maji kwa mdundo wa singeli. Lakini waliomweka mjini hasa ni wanakwaya. Dodoma ina kwaya nyingi kuliko mabomba yanayotoa maji, na kila kwaya inataka albamu.

Tabu ya kwaya ni kwamba hairekodi tu, bali inataka pia kuona. Kompyuta ya Khairat ilikuwa na skrini moja ndogo, na mbele ya skrini hiyo walisongamana watu ishirini wakimpumulia shingoni, kila mmoja akitaka kujua mstari wake ni upi na kwa nini wa jirani ni mnene zaidi. Siku moja mama mmoja wa sauti ya pili aligusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya sambusa akasema, "Huyu ni mimi." Hakuwa yeye. Ilikuwa ngoma.

Siku hiyo Khairat akaamua kuwa na skrini tatu. Ya kwanza ingeonyesha nyuzi za sauti, ile mistari ya kila mwimbaji. Ya pili, vile vitufe vya kupandisha na kushusha, ambavyo mpaka wakati huo ilibidi avifukue chini ya madirisha mengine kama mtu anayetafuta soksi. Ya tatu ingekaa nje ya chumba kabisa, ili kwaya ishibishe macho huko na yeye apate hewa.

Ya pili hakuisumbukia. Mji huu una ofisi kama ulivyo na mbuzi, na kila bosi mpya hawezi kufikiri mbele ya skrini ya bosi wa zamani, kwa hiyo za zamani huishia mnadani. Ya tatu ndiyo ilihitaji siasa, maana ilikuwa runinga ya sebuleni, na runinga ya sebuleni ilikuwa ya Bi Mwanaharusi.

"Mama, kesho naomba runinga yako."

"Unaipeleka wapi?"

"Haiendi popote. Itabaki pale pale. Nitatoboa ukuta tu nipitishe waya."

"Na mimi nitaangalia nini?"

"Kwaya ya Makutupora."

Bi Mwanaharusi alitafakari. Kila alasiri alikuwa akifuatilia tamthilia ya Kituruki ambamo ndugu wawili walikuwa wakisalitiana juu ya kiwanda. "Wanagombana?" akauliza.

"Hawagombani, Mama. Wanaimba."

"Haya," alisema kwa huzuni. "Toboa."

Khairat alitoboa. Alipoziwasha skrini zote tatu, zikaonyesha kitu kile kile kama wabunge wa chama kimoja. Akaiamrisha kompyuta izitenganishe. Ikatii, lakini ukisukuma mshale wa kipanya kushoto unatokea kulia, kwa sababu kompyuta ilidhani skrini ya mnadani iko upande mwingine wa meza. Akaingia kwenye mipangilio akavihamisha vile visanduku vinavyosimama badala ya skrini mpaka vikafuata jinsi zilivyokaa kweli. Ilibaki runinga. Mshale ukivuka ukuta, haukuonekana tena.

"Mama! Mshale uko huko?"

"Uko hapa, umejibanza kwenye pembe."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Unapanda. Umesimama. Umeondoka. Umefika kwako?"

Ukafika. Khairat aliinua skrini moja juu ya boksi la mafuta ya kula ili isizibe spika, akasogea nyuma akaitazama meza yake. Ilifanana na chumba cha marubani. Alijisikia mtu mkubwa, na mtu akijisikia hivyo huwa hamalizi kukagua. Hakuijaribu sauti.

Kesho yake kwaya ya Makutupora ikashuka kwenye pikapu ya mwenyekiti wao, Filipo, mkulima wa zabibu mwenye tumbo la heshima na sauti ya chini iliyotikisa vikombe. Alikuwapo Meshack, mwalimu wa kwaya, kijana aliyekonda kwa kusema ndiyo. Na alikuwapo Mama Mchungaji, Hana, mwanamke mrefu na mpole, ambaye Khairat alimsikia akivuma wimbo kidogo tu mlangoni, na nywele zikamsimama.

"Mbukwenyi," Bi Mwanaharusi aliwasalimia kwa Kigogo, wakafurahi wakaketi mbele ya runinga. Filipo na Meshack waliingia studio kupanga nani asimame wapi. Khairat alifungua maiki ili kupima, akawaacha humo, akaenda jikoni kuchukua chupa ya chai.

Aliporudi sebuleni akamimina kikombe cha kwanza, runinga ikaanza kuongea.

"Mwalimu, Mama Mchungaji msimamishe kule mwisho, kwenye godoro."

"Kule hatasikika, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimesema kule."

Kwenye kioo mstari wa kijani ulinenepa na kukonda kila Filipo aliponena. Khairat alielewa papo hapo. Kompyuta, ilipoiona runinga, iliamua yenyewe kwamba sauti zote zihamie huko, na yeye hakuikatalia.

"Na akiuliza?" ilisema sauti ya Meshack.

"Mwambie ni teknolojia. Meshack, mimi yule mama nampenda. Lakini Mungu wengine huwagawia sauti, na wengine huwagawia mume mchungaji. Akipanda kwenye ule ubeti wa pili, mbuzi wa jirani wanaitika."

Sebuleni watu wote walichungulia ndani ya vikombe, hata wale ambao hawajamiminiwa chai.

"Mama, punguza sauti," Khairat alinong'ona, maana rimoti ilikuwa kwa mama mkwe.

"Subiri kwanza," alisema Bi Mwanaharusi, akaiongeza.

"Miaka yote hii namwambia amebarikiwa," runinga iliendelea. "Ningesema nini?"

Hana aliweka kikombe chini polepole, akainuka. Khairat alimfuata akiwa bado na chupa mkononi, akijiombea. Akilini aliona kwaya zote za Makutupora zikimkimbia, na zile za njia ya Kondoa zikisimuliana kwamba kuna Mwislamu mjini ametega mtego wa kuvunja makanisa.

"Ah, Mama Mchungaji," alisema Filipo mlango ulipofunguka. "Tulikuwa tunakuandalia nafasi nzuri."

"Nimesikia. Kwenye godoro."

Meshack alianza kusoma dari.

"Tulipohamia Makutupora niliomba kuwapikia kwaya chai," Hana alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe ulikuja nyumbani ukasema kwaya bila mimi ni mwili bila roho. Mimi nina masikio, Filipo. Kila Jumapili najisikia. Nilibaki kwa sababu nilidhani mnanihitaji."

"Tuliogopa, Mama."

"Mlimwogopa nani?"

"Mchungaji."

"Mchungaji nikianza kuimba hunituma dukani."

Kicheko kikapasuka upande wa pili wa ukuta, cha watu wengi, na juu yake cha Bi Mwanaharusi. Filipo aligeuka.

"Wanacheka nini?"

"Maiki iko wazi, Mwenyekiti," alisema Khairat. "Sauti inatokea sebuleni."

"Tangu lini?"

"Tangu godoro."

Filipo akaketi juu ya kasha la spika, jasho likimtoka kama aliyevuna shamba zima peke yake. Khairat aliegemea meza, akairudisha sauti kwenye spika zake mwenyewe, akasema samahani kwa wote bila kujua aanzie kwa nani. Hana akamshika bega. "Usiombe radhi, dada. Mashine yako ndiyo ya kwanza kuniambia ukweli." Kisha akaomba arekodiwe mara moja, peke yake, ule ubeti wa pili. Khairat akamrekodi. Ilikuwa mbaya kwa namna ambayo hajawahi kuisikia, hakuna noti iliyokutwa nyumbani kwake, lakini Hana aliimba mpaka mwisho akiwa amefumba macho, na machozi yalimtoka.

"Nifute?"

"Nitumie kwenye simu."

Hana akaenda kuketi sebuleni, kwaya ikaingia kurekodi bila yeye, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Sauti ya pili iliingia imechelewa. Wakarudia, sauti ya kwanza ikaingia mapema. Kwenye skrini nyuzi zilionekana kama ng'ombe wanaovuka barabara. Khairat alisikiliza, akarudia kipande, akacheka peke yake. Hana hakuwahi kupatia noti, lakini wakati wa kuingia hakuwahi kukosea, na kwaya nzima ilikuwa imejizoeza kumfuata yeye bila kujua.

Alimwita. "Mama Mchungaji, njoo usimame hapa mbele. Usiimbe. Waongoze kwa mkono tu."

Hana alisimama, akafunga mdomo, akainua mkono. Akaushusha. Waliingia wote kwa pamoja, na sauti ya Filipo chini yao kama sakafu.

Filipo aliwaambia wanakwaya kwamba anajiuzulu. Wakamkatalia, kwa kuwa pikapu ni yake. Alikwenda kwa Mchungaji kuomba msamaha, akakuta Mchungaji anasikiliza ule ubeti wa pili kwenye simu ya mkewe, kwa mara ya tatu, kwa hiari yake. Hana anaongoza kwaya kwa mkono mpaka leo. Kazi za Khairat hazikupungua, ziliongezeka, ingawa wenyeviti wa kwaya wanaokuja siku hizi huzungumzia mambo yao nje, kwenye gari, vioo vimepandishwa.