Mama Puto na Lipu Yangu

Sikumpenda Mama Puto siku ya kwanza, nisidanganye. Mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, mkoba umejaa maputo, anaingia darasa nililolijenga kwa mikono yangu eti apime linasikika vipi. Mimi, mwashi mwenye uzoefu wa miaka ishirini! Kwenye lipu ya darasa lile ungeweza kujitazama sura. Mwalimu mkuu ndiye aliyemwita, maana walimu walikuwa wakikaukiwa sauti kabla wiki haijafika katikati.

Nikamwambia asijisumbue, nilishapima mwenyewe. Siku ya kukabidhi jengo nilisimama mbele, nikawapanga vibarua wangu nyuma, nikawatupia methali moja moja wairudie. Hakuna aliyekosea. Mama Puto hakucheka. Aliniuliza kama namjua mtu yeyote asiyejua haba na haba hujaza nini.

"Ulipima kumbukumbu zao, fundi," alisema. "Masikio hukuyagusa."

Nilinywea, we acha tu.

Akapasua puto. Mlio ulizunguka kwenye kuta zangu laini karibu sekunde mbili ndipo ukafa. Kwa darasa la watoto, alisema, hata sekunde moja ni nyingi. Alijua anachosema. Zamani alikuwa opareta wa simu, miaka kumi na minane akiwasikiliza watu wakiitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo ambalo hawakulisikia, kwa haya tu. Mitambo ilipoichukua kazi ile, akajifunza hii ya vyumba.

Sasa, binti yangu kitinda mimba, mwenye miaka saba, alikuwa akikaa dawati la nyuma humo humo. Mwalimu wake alishatuandikia barua: mtoto mzito, arudie mwaka. Mke wangu alilia. Mimi nilimfokea mtoto, Mungu anisamehe, nikamwambia anatega, hataki tu kusoma.

Mama Puto akataka wanaokaa mle ndio wapimwe. Watoto wakaingia, wakajaza madawati. Alisimama pale anaposimama mwalimu, akasoma maneno hamsini yasiyohusiana, moja moja, binti yangu kule nyuma akirudia na mwalimu kando yake akitia vema. Alipata ishirini na mawili. Kisha Mama Puto akasogea hadi karibu na dawati lake, akasoma mengine hamsini kwa sauti ile ile. Arobaini na tisa.

"Huyu mtoto si mzito," akamwambia mwalimu. "Amekaa mahali maneno yanafika yamekanyagana."

Mimi nilichuchumaa kwenye dawati la nyuma, nikamuuliza binti yangu kwa nini hakusema kwamba hasikii.

"Nilisema, baba. Ukaniambia natega."

Jumamosi nilipanda ngazi nikafunga dari ya mbao laini zenye matundu, nikapigilia misumari kwenye lipu yangu mwenyewe, ukuta wote wa nyuma, nikauvika sponji na kitambaa kama alivyonichorea yule mama. Akarudi na maputo yake. Safari hii mlio ulikufa upesi, na binti yangu, pale pale nyuma, alipata arobaini na saba. Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kuichukua barua yake. Ile lipu ya kujitazama sura haionekani tena pale nyuma, na mtu asiniulize kama inaniuma.