Kahawa ya Bibi Ndani ya Ngome ya Nizwa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tukikaa Ibra, Omani, na baba alikuwa akifanya kazi ya barabara pamoja na mhandisi mmoja wa Kimarekani. Siku moja mhandisi huyo alitualika kwake tukatazame picha za safari ya familia yake. Alitundika shuka jeupe ukutani, akafunga mapazia, mashine ya picha ikaanza kutuonesha Amerika, picha baada ya picha. Yeye, mkewe na watoto wao watatu mbele ya nyumba ya rais wao wa kwanza. Wote watano mbele ya mzinga. Wote watano, meno nje, mbele ya kengele kubwa yenye ufa.

"Kengele hiyo imepasuka," alisema bibi, mama yake mama, aliyekuja nasi kutoka Unguja na ambaye hakuwa na tabia ya kubakisha neno tumboni.

Baba akamtafsiria mwenyeji wetu. Yule bwana akakubali kwamba imepasuka kweli, tena watu hutoka mbali kuja kuitazama, wakapanga foleni.

"Na wote hao hakuna fundi hata mmoja?"

Hilo baba hakulitafsiri.

Lakini zile picha zilimwingia. Tuliporudi nyumbani alikuwa hakai, anatembea huku na huku. "Mzungu anawapeleka wanawe kuona mambo ya wazee wao. Sisi tuna ngome zilizosimama kabla nchi yake haijapewa jina, na watoto wangu hawajatia mguu hata moja!" Akakata shauri: likizo ya Idi tunakwenda Nizwa na Tanuf, kutazama mambo ya kale. Bibi akasema mambo ya kale anayo magotini, hana haja ya kuyafuata Nizwa. Hata hivyo siku ya safari yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza garini, kiti cha mbele, na thamosi yake kuukuu ya kahawa mapajani.

Njia nzima baba alitusomesha. Ndugu yangu mdogo, wa miaka sita, akauliza, "Hiyo ngome mkubwa kuliko nyumba yetu?"

"Ngome kubwa," alimsahihisha bibi bila kugeuka. "Watoto wa siku hizi mnazungumza kama redio iliyoingia maji."

Siku zile ngomeni hapakuwa na tikti wala kibao cha maelezo. Palikuwa na mzee mmoja mwembamba, mlangoni, na ufunguo wa chuma unaokaribia urefu wa mkono wake. Yeye na baba walisalimiana kwa Kiarabu, salamu ndefu za huko bara ya Omani ambazo huulizia mpaka habari za mvua. Bibi akamgeukia mama kwa Kiswahili, na sauti hakuipunguza.

"Tazama ufunguo ulivyo mkubwa na mwenyewe alivyo mdogo. Mlinzi ni ufunguo, huyu umekuja naye tu."

"Mama, taratibu," mama akamsihi.

"Atajuaje? Huyu Mnizwa, Kiswahili kakipata wapi? Na bakora ile ya kumtisha nani? Ukimpuliza anaruka."

Mzee akamtazama kwa upole, akafungua mlango, akatuongoza.

Ngazi za mle ndani ni nyembamba, za giza, zinapinda, na kila penye mlango kuna tundu darini. Mzee akaeleza na baba akatafsiri: adui akifika hapa, wenye ngome wako juu, wanammwagia asali ya tende inayochemka.

Bibi akasimama. "Asali ya tende? Juu ya watu?"

"Ndiyo, mama. Ya moto."

"Israfu! Maji yangetosha."

Tulipofika juu bibi akatangaza kwamba haendi hatua nyingine, akatafuta mahala pa kukaa. Baba akaona hiyo ndiyo nafasi ya kutupa somo barabara. Akatushusha mimi, ndugu yangu na mama mpaka kwenye mlango wa pili, akajiweka chini ya tundu, mikono kiunoni.

"Mimi adui," alisema. "Nimeshavunja mlango wa kwanza. Nakuja mbio, sina habari kwamba juu ya kichwa changu..."

Bibi alikuwa na desturi moja. Kikombe cha kwanza cha thamosi hakinywi, ati kina makapi ya iliki. Alikuwa ameketi kando ya tundu lile lile, na kwake yeye tundu la sakafuni ni karo, la kumwagia maji machafu. Akamwaga.

Kwa bahati thamosi ilikuwa haiweki moto tena. Ila baba hakulijua hilo mara moja. Alipiga ukelele mpaka njiwa wakaruka nje. Mzee wa ufunguo akaja mbio na bakora juu. Mama alikaa kwenye ngazi, uso kwenye mtandio, mabega yanamtikisika. Ndugu yangu akauliza, "Adui amekufa?"

Sauti ikashuka kutoka tunduni. "Nani yuko huko chini?"

"Mimi, mama!"

"Sasa unafanya nini chini ya karo?"

Mzee akashika ukuta asianguke kwa kicheko. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi cha bara, "Bwana, miaka yote niliyolinda hapa, leo ndio mara ya kwanza naiona ngome ikijihami." Akainua uso kwenye tundu. "Shikamoo, bi mkubwa. Mimi nimekaa Tabora miaka ishirini, nikiuza nguo."

Nilidhani bibi amekufa kwa haya. Halafu tukamsikia:

"Shikamoo? Nani kakwambia nimekupita umri?"

Alishuka buibui limefika puani. Mzee hakukubali tuondoke na baba katika hali ile. Alitupeleka nyumbani kwake, karibu na soko, mkewe akaifua kanzu ya baba, na baba akaazimwa kanzu ya mzee, iliyomfika nusu ya miundi. Tukaletewa wali na mchuzi wa papa mkavu. Chakula kizima bibi na mzee walishindana nani mdogo.

"Mwaka wa nzige mimi nilishaoa," mzee alikiri.

"Basi mimi nilikuwa tumboni," alisema bibi.

Mama akapaliwa na wali. Kisa cha nzige wale bibi alikuwa akitusimulia kila mwaka, namna alivyowafukuza mwenyewe kwa kanga.

Alasiri tukafika Tanuf, kijiji cha udongo kilichobomolewa vitani, kuta zimesimama bila mapaa, mlima nyuma. Baba alikuwa amechoka kusomesha. Bibi ndiye aliyeingia mbele, akapita nyumba moja moja, anagusa kuta, mpaka akaona moja yenye weusi wa moshi.

"Hapa jiko," alisema. "Nyumba hii naichukua."

Akaanza kutugawia vyumba. Mama chumba cha upande wa bonde, kina upepo. Mimi karibu yake. Ndugu yangu akapewa choo, akalia, akabadilishiwa.

"Na mimi, mama?" baba akauliza.

"Weye mkwe. Mkwe haingii hivi hivi."

Baba akatoka nje, akasimama palipokuwa na mlango zamani, akapiga hodi hewani. Bibi akamwacha asubiri kidogo.

"Karibu," akasema. "Vua viatu."

Baba akavua.