Wakili Aliyenitoa Nje

Kujua Kiingereza katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ni kama kuwa na baiskeli peke yako mtaa mzima: haikai kwako, kila mtu anaiazima. Nilifika na diploma yangu ya ualimu kutoka Bukavu, Kongo, na kabla sijamaliza kukandika ukuta wa nyumba yangu ya tope watu walishaanza kuniita. Twende zahanati ukanisemee. Twende kwa wale wa vibali. Mtoto kafukuzwa shule, twende. Miaka ya elfu mbili na kitu nikapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule moja ya binafsi Lilongwe, nikahamia mjini, nikadhani nimepona. Kumbe watu wangu walihama nami, na wa kwanza wao alikuwa yaya wangu, dada yangu mkubwa wa tumbo moja.

Yaya alikuwa mshonaji. Alianza chini ya turubai kwenye soko la kambi, kisha akashuka mjini na cherehani yake, akapanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Area 25, yeye na binti zake wawili. Mumewe alikuwa amekufa zamani, huko kwetu. Alishonea wanakwaya wa kanisa letu, akashonea wanafunzi, akashonea wanawake wa Kimalawi waliotaka mikono yenye marinda kama ya Wakongomani. Alikaa pale hadi majirani wakaacha kumuuliza ametoka wapi. Siku moja mwenye nyumba, mama mtu mzima asiye na makuu, akamwambia amechoka na mji, anarudi kwao Ntcheu, nyumba anaiuza, na angependa aichukue yeye.

Yaya alinipigia simu nikiwa darasani.

"Mudogo," alisema, "tutafute avoka."

Lile "tu" nililifahamu vizuri sana. Nilichoka hapo hapo, chaki mkononi.

Lazima nieleze kwa nini wakili, wakati wenzetu wengi waliopata kijumba mjini hawakujisumbua na wakili yeyote. Walifanya hivi: walinunua, wakaandika jina la Mmalawi wanayemwamini. Mzee wa kanisa, jirani, mkwe. Jina la mkimbizi lilikuwa halipiti kirahisi kwenye hati, na kila mtu alilijua hilo. Wengine wanaishi kwa amani hadi leo, wengine walifukuzwa na mtu waliyekuwa wakila naye sahani moja. Yaya hakutaka kusikia habari hiyo. Kule Bukavu mumewe alinunua parsele, kiwanja chenye nyumba, mtaa wa Kadutu, akaandika jina lake mwenyewe, na mdogo wake akaweka sahihi ya shahidi. Mume alipokufa, turubai la matanga lilikuwa bado halijashushwa, shemeji akaja na ile karatasi. Yaya alitoka pale na cherehani na watoto.

"Mi nataka jina yangu," aliniambia. "Jina yangu mi mwenyewe, hapo juu. Kama haiwezekani, baniambie haiwezekani."

Hilo tu. Alitaka mlango ambao hakuna mwanamume atakayekuja na karatasi kumtoa.

Sasa, mimi mke wangu ni Mmalawi. Hilo halikuwa siri. Mchungaji wetu alilisema waziwazi baada ya ibada, kwamba tunahangaika bure wakati wifi yupo, mwenye nchi yake, mtu wa kanisa. Mimi nilikuwa nangoja yaya aseme mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na adabu yake, na kwa sababu nilikuwa na uhakika atasema. Mke wangu naye hakuwa na neno baya, ila jioni moja akichambua mboga alisema kile chumba cha mbele cha nyumba ya yaya kingefaa kuwa duka. Alisema tu, kama watu wanavyosema.

Wiki zikapita na yaya hakusema.

Badala yake alikuwa na mawazo yake kuhusu mawakili. Kwake yeye avoka wa nyumba alikuwa sawa na notere wa Bukavu: mtu wa serikali, ana muhuri, anakaa katikati, muuzaji huku na mnunuzi kule, na muhuri ukishagonga wote mnaenda zenu. Kwa hiyo mwenye nyumba aliposema mpwa wake ana wakili, yaya akafurahi. Wakili ameshapatikana, mmoja anatosha. Ningenyamaza ningelala usingizi wangu. Lakini nilimweleza kwamba hapa si hivyo, hapa wakili ni wa yule aliyemleta, muuzaji ana wake na wewe utafute wako, na wako ndiye atakayeuliza kama nyumba haina deni wala ndugu wanaoidai. Alikata uzi kwa meno, akafikiri.

Akasema kama ni hivyo, basi twende tutafute wangu.

Wa kwanza alikuwa Area 47, katika nyumba ya kawaida iliyogeuzwa ofisi, na alipatikana kupitia kwa mchungaji. Alituombea kabla hatujakaa vizuri. Maombi marefu, mazuri, kisha akanigeukia mimi na hakumtazama yaya tena. Akasema "dada yako" hivi na "dada yako" vile, naye dada yangu ameketi pale, mkoba magotini, gauni lake la Jumapili limenyooshwa hadi linakata. Nilifasiri. Mwishoni yaya akasema ana swali.

"Umuulize," aliniambia, "siku mi nitakufa, ni nani atakuja hapa kwake kuuliza mambo ya ile nyumba?"

Niliuliza. Wakili akatabasamu, akaninyooshea kalamu. Wewe, bila shaka. Nilimfasiria yaya, akatikisa kichwa, akaaga kwa heshima, na njiani akasema huyu hapana.

Nilimuuliza ana kasoro gani, akasema ana maombi mengi. Hakucheka aliposema hivyo.

Wa pili alikuwa na chumba juu ya duka la mabati kule Mchesi, ngazi ya chuma, feni inayolia. Huyu alisema hakuna tatizo lolote. Kila neno kwake lilikuwa hakuna tatizo. Jina la Mmalawi tutalipata, na kama hatuna wetu yeye ana watu wake, wanaazima jina, amefanya hivyo mara nyingi. Yaya akauliza swali lake lile lile. Akaonyeshwa mimi. Tukashuka ngazi.

Wa tatu alikuwa katikati ya mji, ofisi yenye zulia, na alikuwa na akili kuliko wenzake, kwa sababu aliniuliza mapema kama nimeoa na nimeoa wapi. Nilipojibu alifunika kalamu yake. Basi imekwisha, akasema, andikeni mke wako, kazi ya asubuhi moja. Nilifasiri hili pia, neno kwa neno, nikaangalia dirishani. Nilisikia aibu, na pia nilisikia nafuu, maana hatimaye mtu amelitamka na mimi sikulitamka. Yaya hakuuliza hata swali lake. Alisema "zikomo," yaani asante, na akasimama.

Siku hiyo tulitembea kwa miguu hadi soko kuu. Nilikuwa nimekosa vipindi, mwalimu mkuu alishaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni, na miguu yangu ilikuwa inauma. Nilimwambia mawakili si nguo kwamba mtu ajaribu moja baada ya nyingine mpaka ipatikane inayokaa mwilini. Akasema hata nguo anayoshona yeye watu hujaribu, na nguo haimlazi mtu nje.

Wa nne hakuletwa na mchungaji wala na mimi. Aliletwa na mteja wa yaya, mjane wa Kimalawi ambaye ndugu za mumewe walikuja na gari siku ya maziko wakapakia vitanda. Huyo mjane alirudishiwa nyumba yake, na aliyemsaidia alikuwa wakili mwanamke, kijana, ofisi yake nyuma ya duka la dawa. Mjane alisema tuwe tayari, wakili huyo hana maneno matamu.

Kweli hakuwa nayo. Tulipoingia nilianza hotuba yangu, ambayo sasa nilikuwa naijua kama sala: huyu ni dada yangu, ni mkimbizi, anataka. Akaniacha nifike kwenye "anataka." Kisha akauliza, kwa Kiingereza, kama mama huyu anasikia Chichewa. Nikasema kidogo, cha sokoni. Akamgeukia yaya akamsalimu, "Muli bwanji, amayi," na yaya akajibu, akaulizwa jingine akajibu, na jingine. Miaka yote aliyopima viuno vya wateja wake nilikuwa sijakaa nikamsikiliza. Alikuwa anaongea Chichewa kuliko mimi niliyeoa mwenye lugha.

Yule wakili akaniambia sasa, bila ukali, kwamba anaomba nikae nje. Mnunuzi ni huyu, anataka kumsikia peke yake. Nikasema mimi ni kaka yake. Akasema ndiyo maana.

Kulikuwa na benchi kwenye varanda, na mtu wa kabaza alikuwa amelala juu ya kishikio cha baiskeli yake akingoja abiria. Nilikaa. Kwa dakika za mwanzo nilikuwa na hasira ya kweli. Nilifikiria foleni zote nilizosimama kwa ajili ya yule mwanamke aliye ndani, vipindi nilivyokosa, na sasa nimewekwa varandani kama mwavuli. Hasira ilipopoa ulibaki uchovu tu, na ndani ya uchovu lilibaki swali la yaya. Siku nitakufa, nani atakuja. Mawakili wawili walininyooshea mimi, wa tatu akamtaja mke wangu, na kila mara yaya alisimama akaondoka, na mimi mwenye diploma nilikuwa sijaona kitu.

Yaya alitoka amevaa uso wa mtu aliyepata nafasi ya kukaa.

"Njo huyu," alisema, yaani ndiye.

"Amekuambia nini?"

"Ameniambia hapana."

Nilidhani sikuelewa. Akanieleza tukitembea. Kununua na kuandikwa jina lake kama mwenye mali, wakili hakuweza kumwahidi. Ruhusa ya wizara angeiomba, lakini asiingoje kama mtu anayengoja basi, huenda isije. Jina la mtu mwingine angeweza kuliandika kesho, lakini siku mtu huyo akigeuka, au akifa na ndugu zake wakageuka, asije kulia kwake. Alichoweza ni kimoja: mkataba wa kupanga wa miaka mingi sana, ulioandikishwa serikalini, kwa jina lake, na akifa unaendelea kwa binti zake. Nyumba si yake, ila mlango hakuna wa kumtoa. Kama bibi wa Ntcheu atakubali.

Nikamwambia wale wengine wote walisema inawezekana.

"Bale balisema ndiyo, lakini balikuwa banakuambia we," yaya akasema. "Huyu amesema hapana, na ameniambia mi."

Tulifika kituoni. Magari yalikuja yakaondoka na hakuna kati yetu aliyepanda. Nilimuuliza nilichokuwa nimekaa nacho kwenye benchi.

"Yaya, we hauniamini?"

Hakuharakisha. Alirekebisha kilemba chake kwanza.

"Nakuamini," alisema. "Shemeji pia nilikuwa namuamini. Siku ya matanga njo yeye alinishika mukono kuliko bantu bote."

Ningeapa, lakini shemeji naye angeapa, na huenda siku ile ya matanga angeapa kwa moyo safi.

Bibi wa Ntcheu alikubali, baada ya safari nyingi za kwenda kumweleza mpwa wake, safari ambazo nilizifanya mimi, maana kutolewa nje na wakili hakukunipa likizo. Mambo yalichukua muda mrefu, faili lilipotea likapatikana, wakili aliugua akapona. Ruhusa ya wizara hadi leo sijaisikia. Lakini mkataba ulitoka, na Jumapili moja baada ya kanisa yaya alituita kwake kula nsima, ugali wa huku, mimi na mke wangu. Watu walipokuwa wananawa mikono aliileta ile karatasi akanipa, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza.

"Soma pole pole," alisema. "Kila jina."

Nilisoma nimesimama. Jina la mwenye nyumba. Jina la yaya, lote, na lile la baba yetu ambalo nilikuwa sijalisikia likitajwa tangu tuondoke. Majina ya wanawe, mkubwa kisha mdogo. Mashahidi: mwalimu wa kwaya, na yule mjane wa vitanda. Nilifika chini kabisa ya ukurasa, kwenye muhuri, na nikajikuta nimerudia tena mistari ya mwisho kimyakimya. Jina langu halikuwemo, hata pa ushahidi.

Yaya alikuwa ananitazama. Alijua ninachotafuta.

"Aksanti, mudogo," alisema, akachukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja. "Sasa kaa, nsima inapoa."

Nilifurahi kwa ajili yake, na iliniuma, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Mpwa wangu mdogo aliniwekea kiti mahali wanapowekwa wageni. Nikakaa, nikala.