Siku Chiriku Alipoalika Mtaa Mzima

Fundi makochi hakuwahi kushindwa na kitu chenye miguu minne. Mletee kochi lililokaliwa na ukoo mzima mpaka springi zikachomoza, atalivua nguo, atalijaza sponji, atalivisha upya, nawe utasita kulikalia kwa heshima. Chenye miguu miwili ndicho kilichomtoa jasho: binti yake, aliyekuwa anatimiza miaka mitano, na ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Walikuwa wawili tu. Mama yake Chiriku alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na tangu mazishi mama mkwe wa fundi alikuwa na neno moja: mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake, tena kwenye karakana yenye pini na mikasi. Fundi alimsikiliza kwa adabu, mkwe ni mkwe, lakini mtoto hakumtoa. Sasa bibi alikuwa amepiga simu.

"Baba Chiriku, nakuja kwenye hiyo sherehe ya kuzaliwa. Nitaangalia kwa macho yangu mwenyewe. Nisiporidhika, naondoka na mjukuu wangu, na safari hii usinikatalie."

"Karibu sana, mama," alijibu fundi.

Basi akajipanga. Nywele za binti alizisuka mwenyewe, maana kusuka alijifunza kama alivyojifunza kushona, kwa kufumua na kurudia, na mistari ilinyooka ungedhani imepimwa kwa rula. Karakana ndiyo iliyokuwa sebule yao, kwa hiyo mikasi yote ikapanda juu ya kabati, na sumaku ikapitishwa sakafuni, kila pembe, kuokota pini.

Kilichomharibia ni keki. Ilitoka kwenye sufuria inanukia vizuri, lakini ilikuwa ndogo, na imebonyea katikati. Mwingine angekimbilia dukani. Huyu aliitazama kwa jicho la kazi yake. Kitu kikibonyea kinafanywaje? Kinajazwa. Akakata sponji mpya, safi, ya duara, akaiweka chini, keki akaipandisha juu, akapaka krimu kuanzia kileleni mpaka kwenye sinia. Ikasimama ya ghorofa mbili, imeiva kwa macho, bila mshono kuonekana. Alijisifu kwa sauti ingawa hakuwa na msikilizaji. Mpango wake ulikuwa kukata ghorofa ya juu tu, ile ya chini ibaki pambo. Wageni si wachache?

Hapo alimsahau mwanawe. Alikuwa amemwambia, "Alika unaowapenda," na Chiriku hakuwa na asiyempenda. Wakaja wenzake wa chekechea, na wadogo zao, na watoto wa msusi wa jirani, na wa fundi cherehani, na mapacha ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Akaja hata mlinzi wa duka la dawa, na sare yake, ameshika puto.

"Mimi nimealikwa," alisema mlinzi kabla hajaulizwa. "Ameniambia nisipokuja hatanisalimia tena."

Fundi akaiongeza juisi maji, akaiongeza tena, mpaka ikabaki rangi tu.

Bibi alikuwa ameshafika zamani. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mkoba mapajani, kanuna kama hakimu aliyecheleweshewa kesi. Na kesi ilikuwa inaenda vibaya, maana watoto walikuwa wamezigundua springi. Kochi lililosubiri kuvishwa wakalifunika turubai wakaanza kurukaruka juu yake, wanapaa, wanaangukiana, wanagombea zamu. Kisha mapacha wakafungua magunia ya vipande vya sponji, na vita vikaanza. Mlinzi alikuwa wa kwanza kupigwa na wa kwanza kulipiza. Sponji zilijaa hewani, kwenye juisi, kwenye nywele. Kipande kimoja kilimpata bibi kwenye kilemba. Alikitoa, akakitazama, akakiweka kwenye mkoba.

Katikati ya zogo hilo fundi alikuwa amembeba mmoja anayelia, anampenga mwingine kamasi, anamtoa wa tatu kipande cha puto mdomoni, huku anaongoza wimbo kwa sauti isiyopatana na wimbo wenyewe. Hakumwita msusi aje kumwokoa. Bibi aliyaona hayo. Aliinama pia, akapitisha kiganja sakafuni, chini ya meza, nyuma ya kochi, akitafuta pini. Kiganja kilirudi na vumbi la sponji, basi.

Ikafika zamu ya keki. Mshumaa ulizimwa na watu wengi kwa mkupuo, mate yakiwemo. Kabla fundi hajashika kisu, mtoto mmoja akavuta kitambaa cha meza, ghorofa ya juu ikateleza, na mikono ikaiwahi. Ikaisha hivyo, kufumba na kufumbua. Wakati huohuo kitoto kingine kikajisaidia kwenye kaptula, fundi akakinyanyua juujuu mpaka bafuni kukiosha.

Aliporudi alikuta msiba. Chiriku, aliyefunzwa kwamba mkubwa hulishwa kwanza, alikuwa ameikata ghorofa ya chini, kwa msaada wa mlinzi aliyelalamika kwamba keki ina nguvu. Kipande kilikuwa tayari mdomoni mwa bibi. Bibi alitafuna. Akatafuna tena. Kila akikibana, kinarudi palepale.

"Tafuna, bibi, usione haya," Chiriku alimhimiza. "Ziko nyingi."

Bibi akakitoa, akakiminya kwa vidole, kikajiinua. Watoto wakanyamaza, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu mchana. Mtoto ameondoka, aliwaza fundi. Nimempoteza kwa sponji.

"Baba Chiriku," bibi aliuliza polepole, "hiki ni nini?"

"Mama... ilibonyea."

"Ikabonyea, ukafanyaje?"

"Nikaijaza."

Bibi alimkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, mkoba ukamwanguka, na kicheko kikamtoka, cha machozi na kushika mbavu, ambacho fundi hakuwahi kukisikia tangu walipomzika yule waliyempenda wote wawili. Kipande cha sponji kikatoka mkononi mwa bibi kikampiga mlinzi usoni, na vita vikaanza upya, safari hii bibi akiwa jemadari.

Jioni wazazi walikuja kuchukua watoto wao. Mama mmoja, aliyetoka kazini na viatu virefu, alisimama mlangoni akimvuta mwanawe aliyeng'ang'ania kochi.

"Jamani, huyu hataki kutoka! Mama Chiriku yuko wapi nimpe mkono?"

Swali hilo fundi alikuwa ameshalijibu mara nyingi. Alifungua mdomo, lakini bibi akamtangulia.

"Mama Chiriku alikuwa mwanangu, na hatunaye tena. Yote haya kayafanya baba yake. Mpe yeye mkono."

Fundi akajifuta krimu kwenye suruali, akautoa mkono wake, kifua mbele, macho yamemlowa na hajali nani anaona.

"Na mwakani mlete tena mwanao," bibi alimwambia yule mama, huku akimtoa Chiriku sponji nyweleni. "Mjukuu wangu utamkuta hapahapa, kwa baba yake."