Asali ya Tseikuru

Mwongeli, fundi wa nguo mjini Mwingi, alilelewa kanisani. Kilichomvuta kwenye dini ya Kiyahudi ni swali: mbona zile sheria za vyakula zimo kwenye Biblia ya nyumbani, na hakuna mhubiri aliyewahi kuzigusa? Aliuliza huku na huku hadi akampata Mama Ketura, Myahudi wa Nairobi, aliyekubali kumfundisha kwa simu.

"Polepole," Mama Ketura alimwonya. "Kuingia kwetu huchukua miaka."

Nyama akaiacha, maana Mwingi hapakuwa na Myahudi wa kuchinja. Jirani yake Bushra akamwonea huruma.

"Si ununue buchani kwa Jabiri? Ni halali."

"Niliuliza. Halali yenu na kosher, halali ya Kiyahudi, ni majirani, lakini kila mmoja ana mlango wake."

Akabaki na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akiyachambua mpaka fukusi wa mwisho atoke, kwani wadudu ni haramu.

Ndipo babake, mzee Kisilu, akaja kutoka Tseikuru na ndoo ya asali. Mwongeli akaitazama, mate yakimjaa. Nyuki si mdudu?

"Mwana wakwa," mzee akashangaa, "hata asali ya babako?"

"Ngoja niulize, Baba."

Akampigia Mama Ketura, akaweka sauti ya juu ili mzee naye asikie.

"Nyuki haliwi," Mama Ketura akasema. "Asali yaliwa. Utamu ni wa maua, nyuki anaubeba tu. Lakini chuja vizuri, vipande vya nyuki na watoto wao visibaki."

"Watoto wa nyuki ndio watamu!" mzee akadakia.

"Basi hao ni wako, mzee."

Wakachuja kwa kitambaa kipya, mzee akishika ndoo na kuuliza maswali mengi kuliko bintiye. Masega yenye watoto wa nyuki akayatafuna mwenyewe, kwa raha. Mwongeli akalamba kijiko, akafumba macho. Hakuwa amejua jinsi alivyoogopa kuambiwa hapana.

"Na mbuzi?" mzee akauliza.

"Mbuzi hana kosa. Shida ni mchinjaji."

"Mimi nimechinja tangu ujana. Huyo Mama Ketura anifundishe."

"Itabidi kwanza uwe Myahudi, Baba."

Mzee Kisilu akajifuta asali ndevuni.

"Hapo sasa," akasema, "wacha mbuzi azeeke."