Chokaa Upande wa Ziwa

Chokaa ikitiwa maji inachemka yenyewe ndani ya ndoo, na harufu yake inapanda mpaka kooni. Nikiisikia tu, niko tena mtoto, chini ya mnara wa kanisa la zamani, kwenye kilima juu ya Lweba, kijiji chetu kando ya ziwa.

Paa la kanisa lilikuwa limeanguka zamani, na kengele haikuwapo. Ukuta wa mnara, chini pale, ulikuwa na unene kama upana wa kitanda. Madirisha yalijipinda juu kama upinde, na ngazi iliyojizungusha ndani iliishia hewani, kwenye popo. Mama alikuwa nje, juu ya rundo la matofali, akipaka chokaa kwa fagio. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa ya udongo mtupu.

"Mama, juu ya nini unapaka nyumba yenye haina batu?" nikamuuliza, maana kanisani hapakuwa na mtu tena.

Hakugeuka. "Mujomba yako alivuka ziwa wakati wa vita, angali mutoto. Sura yangu ataisahau. Lakini huu munara alikuwa anaupanda kila siku. Akiuona, atajua ni hapa kwabo."

Baba alipita na jembe begani, akaona ndoo inakaribia kuisha. "Na pande zingine?"

"Atatokea ku ziwa," mama akasema, akachovya fagio tena.

Siku hizi matofali ya juu yamepungua, na ngazi imebaki vidato vichache. Asubuhi hii nimekoroga ndoo moja. Kwa upande wa ziwa, inatosha.