Kiingereza Changu cha Bonnet na Indicator

Naandika haya mashavu yakiwa bado yanawaka. Nilisomea Nairobi, nikaja Columbus, Marekani, kwa masomo ya juu, na kanisani kwetu karibu na Morse Road ni mimi ninayesifiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Mama Neema, Mkongo anayefanya kazi ghalani, alipojiandaa kwa mtihani wa udereva, waumini wakanikabidhi kazi ya kumfundisha.

Mwezi mzima nilimkaririsha: kifuniko cha injini ni "bonnet", taa ya kukatia kona ni "indicator". Neema, bintiye wa miaka tisa, akadakia kwamba hapa watu husema "hood" na "turn signal". Nikamwambia anyamaze, asimharibie mamake kwa maneno ya mtaani.

Jumanne niliwasindikiza hadi kituo cha mtihani, mimi na Neema tukaketi kwenye benchi nje, karibu na gari. Mama Neema akaketi kwenye usukani, mtahini kando yake, na kupitia dirishani nikamsikia mtahini: "Turn signal, please." Mama Neema akaganda. Mtahini akarudia, akaandika kitu. Bila leseni ile asingepata zamu nzuri kazini, nami sikuruhusiwa kusaidia. Niliomba tu asinitazame.

Mama Neema akatoa kichwa dirishani. "Bon, mwalimu," akaniuliza mbele ya wote waliosubiri zamu zao, "hii si ndiyo ile neno mutoto yangu alisemaka, wewe ukamuambia anyamaze?"

Kando yangu Neema alikuwa amenyamaza, kama nilivyomwagiza.